Nilivyotafuta familia ya mtoto anayeongea Kirundi kwa kutumia spika, Mishamo nzima ikakaa kimya

Wakuu, salaam kutoka Mpanda.

Haya ninayoandika nimeyaona na kuyafanya mwenyewe, pamoja na sehemu ambazo naonekana mjinga. Hizo sijazipunguza. Nilichobadilisha ni majina tu, kwa sababu kuna mtoto ndani yake.

Mimi kazi yangu ni spika. Nina kigari kidogo cha mizigo, juu nimefunga spika mbili, mlangoni nimeandika jina langu la kazi kwa rangi nyekundu. Chanjo ikija, mimi natangaza. Duka jipya, mkutano wa injili, mbuzi kapotea, mimi. Jumamosi nakuwa MC wa harusi na sendoff. Ukikaa Mpanda mwezi mmoja tu, lazima sauti yangu imekuamsha asubuhi.

Mwaka jana nikaitwa na afisa ustawi wa jamii. Nitamwita Madam. Mama mmoja mfupi, mpole, hapendi maneno mengi.

Akanieleza kwamba kuna fedha ya serikali imetengwa kutafuta familia za kulea watoto waliokaa kituoni bila ndugu. Kwanza malezi ya kambo, baadaye anayetaka kumuasili mtoto moja kwa moja anafuata utaratibu wa mahakama. Fedha hiyo siyo ya kumlipa mtu ili alee. Ni ya usafiri, matangazo, mafunzo ya wazazi na kukagua nyumba.

Ila ilikuwa na sharti moja ambalo mimi liliniacha mdomo wazi. Familia zitafutwe mpaka kwenye jamii walizotoka wale watoto. Kama kituoni kuna watoto wa wafugaji wa Kisukuma, basi twende kwa wafugaji. Kama kuna mtoto wa huku ziwani, tushuke mpaka Kapalamsenga. Tusiishie kwa watumishi wa mjini wenye sofa na king'amuzi.

Nikamwambia, "Madam, mtoto anataka ugali na blanketi. Kabila atalila?"

Hakubishana. Akasema twende kituoni.

Kituo kiko Nsemulwa, nyumba ya kawaida tu yenye geti la bluu. Watoto wakanizunguka, wengine wananijua kwa sauti. Mmoja hakuja. Msichana wa kama miaka minne hivi, amekaa kwenye ngazi, kashika kikombe cha plastiki kisicho na kitu.

Huyu nitamwita Zawadi. Mama yake alikuwa kibarua wa mashambani, akaletwa hospitali akiwa hoi, akafariki bila kutaja ndugu. Redio ilitangaza, hakuna aliyejitokeza. Maneno yote ya mtoto yalikuwa Kirundi. Walezi wa kituo hawakijui, basi kidogo kidogo akaacha kuongea.

Madam akaniambia kuna familia ya mwalimu ilishamchukua. Watu wazuri, nyumba nzuri, chakula kipo. Baada ya wiki kadhaa wakamrudisha, na mke wa mwalimu alikuwa analia kuliko mtoto. Alisema, "Mimi naongea naye kutwa, ananitazama kama redio isiyokamata stesheni. Namuonea huruma na mimi mwenyewe najionea huruma."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa ile fedha ni ya nini. Kidogo lakini, siwadanganyi.

Mwisho wa mwezi wa sita mwaka wa fedha wa serikali unaisha. Kama familia ya Zawadi isingepatikana kabla ya hapo, mpango ulikuwa apelekwe kituo kikubwa mkoa mwingine. Kituo kizuri, nasikia. Lakini huko Kirundi ndiyo asingekisikia tena.

Tukaanza na wafugaji. Nilitangaza kwenye mnada wa ng'ombe kwamba kituoni kuna mabinti wawili wa wafugaji. Kuna mzee mmoja wa Kisukuma alikuja, kavaa koti kubwa na jua lile, akauliza, "Hao watoto wawili wa kike, wanajua kuchunga?" Madam akasema watoto wanaenda shule. Mzee akasema, "Najua wanaenda shule, mimi nauliza kama wanaogopa ng'ombe. Kwangu ng'ombe ni wengi, sitaki waje walie." Nyumba ikakaguliwa, semina wakahudhuria yeye na mke mkubwa, wale mabinti wakaenda. Nimewaona juzijuzi. Ng'ombe ndio wanawaogopa wao.

Basi kichwa kikavimba. Nikajiona mimi ndiye mtaalamu wa kutafutia watoto familia.

Safari ya Mishamo ilikuwa inafuata. Kwa wasiopajua, kule walikaa wakimbizi kutoka Burundi miaka mingi, na wengi walishapewa uraia wa Tanzania. Wanalima mahindi, maharage, mihogo. Baiskeli na pikipiki kila kona.

Madam alinipa maelekezo mafupi. "Kule usitumie spika. Tutakaa na viongozi kwanza, tuongee na watu taratibu."

Asubuhi ya safari Madam akapata dharura, akaniambia nitangulie nikamsalimie mwenyekiti wa kijiji tu. Mimi nikasema moyoni, gari lina spika, mafuta ni ya serikali, kwa nini nipoteze siku? Tangazo nikalitunga mwenyewe njiani. Kosa hili ni langu, msimtupie lawama mtu mwingine.

Nikaingia kijijini nalipuka:

"Tangazo, tangazo! Serikali inatafuta familia za Warundi! Kama wewe ni Mrundi, au unaongea Kirundi nyumbani kwako, fika kwenye ghala la mahindi saa sita uandikishwe!"

Nikazunguka mara tatu.

Saa sita watu walijaa kwelikweli. Nikafurahi. Nikashuka na mic yangu, nikasalimia, nikauliza: wanaoongea Kirundi wanyooshe mikono.

Hakuna hata mkono mmoja.

Nikarudia. Mzee mmoja mbele, ambaye dakika mbili nyuma nilimsikia mwenyewe akimfokea mjukuu wake kwa Kirundi, akanitazama usoni akasema, "Sisi hapa ni Watanzania, kijana. Tunaongea Kiswahili."

Kila mtu akaitikia kwa kichwa. Mama mmoja akatoa kwenye mfuko wa plastiki cheti chake cha uraia, kakikunja vizuri, akakinyoosha juu badala ya mkono. Wakaanza wengine. Vyeti vikawa vinapepea ghalani.

Mwenyekiti akanivuta pembeni. Alikuwa anajizuia asicheke au asinichape, sijui lipi.

"Wewe umekuja na gari, na spika, unasema serikali inataka Warundi waandikishwe. Unadhani watu wamekuja kusikiliza? Wamekuja kujitetea. Tangu umeingia, kuna watu wameshatafuta baiskeli waende porini."

Nikazima mic.

Mwenyekiti ni muungwana, akasema siwezi kuondoka na njaa. Nikakaa barazani kwake. Chakula aliandaa jirani yake, bibi mmoja mwembamba aliyekuja kusaidia kupika. Alikiweka mlangoni, ugali mkubwa na maharage yaliyoungwa vizuri mno, kajifunika khanga mpaka puani, hakunisalimia, akazunguka nyuma ya nyumba badala ya kupita mbele yangu.

Mimi na utani wangu nikapaza sauti, "Bibi, na wewe hujui Kirundi?"

Akasimama. Bila kugeuka akajibu, "Sijui, baba."

Nikaona tu ni bibi mwenye aibu au mwenye kiburi. Nikala nikamaliza. Shikeni hiyo sehemu, nitairudia.

Nikarudi nyumbani jioni, nikamsimulia mke wangu. Nitamwita Mama Neema. Tuna miaka saba, na binti mmoja, Neema. Nilimkuta hapahapa Mpanda akikaa kwa shangazi yake, nikajitambulisha kwa shangazi, tukaanza maisha. Kuhusu mama yake, aliniambia anaumwa miguu, anaishi ndani ndani huko Kasulu, mtandao hausomi. Kwenda kumsalimia nilikuwa naahirisha kila mwaka. Najua mtanisema. Semeni.

Nilimsimulia kwa mbwembwe zote, na lafudhi nikaiga. Vile vyeti, yule mzee, wale wa baiskeli. Kwa kawaida Mama Neema hucheka na kuziba mdomo kwa mkono. Siku hiyo aliendelea kuchambua mchele.

Akauliza, "Huyo mtoto wa Nsemulwa anakula?"

Nikasema anakula kidogo.

"Nywele zake nani anamsuka?"

Nikasema mimi nitajuaje mambo ya nywele. Ikaishia hapo.

Madam aliposikia ya Mishamo hakunigombeza. Alivua miwani akaifuta, akavaa, akaendelea na kazi. Bora angenigombeza.

Wiki mbili baadaye nikapita kituoni kupeleka magodoro. Mlezi getini akaniambia, "Mkeo yupo ndani. Siku hizi hakosi."

Nilijua mke wangu yupo sokoni.

Nikazunguka kwa uani. Mama Neema amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, Zawadi katikati ya magoti yake, anamchana nywele kwa kitana. Na mtoto anaongea. Haongei kidogo, anabishana. Anavuta kichwa, anapiga mguu chini, anasema, "Oya! Oya!"

Hilo neno nalijua. Binti yangu Neema analisema tangu anajifunza kutembea, akikataa uji. Miaka yote nilidhani ni lugha ya kitoto, kumbe ni "hapana" ya Kirundi.

Mke wangu akamjibu mtoto sentensi ndefu, haraka, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nyumbani anaongea taratibu, kama mtu anayepima kila neno. Pale alikuwa anamwaga tu. Mtoto akacheka. Mwisho mke wangu akamkumbatia kichwa akasema, "Mwana wanje." Nadhani hiyo kila mtu anaielewa.

Nilisimama pale na godoro kichwani.

Nitasema ukweli, kitu cha kwanza kilikuwa hasira. Siyo kwa sababu ni Mrundi. Ni kwamba mlezi wa getini anajua, Madam anajua, mtoto wa miaka minne anajua, mimi mwenye nyumba ndiye wa mwisho.

Tulipofika nyumbani nikauliza. Hakukataa. Kazaliwa Mishamo. Shuleni walikuwa wanaitwa wakimbizi, hata na walimu. Alipokuja mjini kwa shangazi, shangazi akamwambia, huku sema wewe ni Muha, lugha zinakaribiana, hakuna atakayejua. Akasema mara moja, halafu ikawa haiwezi kurudishwa. Cheti chake cha uraia kipo, kiko chini ya vitenge kwenye begi ambalo mimi huwa nalikanyaga kufikia juu ya kabati.

"Ungeniambia tu," nikasema.

Akasema, "Baba Neema, kwenye sendoff ya yule binti wa Makanyagio uliiga Mrundi anagombania pilau. Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi nilikuwa meza ya nyuma. Ningekuambia siku hiyo, au Jumamosi iliyofuata ulipoirudia?"

Halafu akauliza, "Ungejua, ungenioa?"

Ndugu zangu, jibu sahihi lilikuwa jepesi na lilikuwa hapohapo. Lakini nikamfikiria mama yangu kule Usevya na maneno yake, nikawafikiria washkaji, na nikachelewa. Sikuchelewa sana, ila yeye alishapata jibu. Akanyanyuka akaenda kuwasha jiko.

Kimya hicho ndicho ninachokijutia kuliko tangazo la Mishamo. Nakijutia mpaka leo.

Kesho yake akaniambia anataka tumchukue Zawadi. Nikasema sawa. Nilikuwa tayari kusema sawa kwa chochote.

Madam akatupa fomu. Kuna kurasa za nyumba, afya, wadhamini wa mtaani, na kuna sehemu ya asili na lugha ya mwombaji. Hiyo ndiyo roho ya ule mpango wote, lazima ijazwe. Na fomu inapita kwa mwenyekiti wa mtaa na wadhamini kabla ya kurudi, maana yake mtaa wote utajua kabla ya Jumapili.

Kalamu ikafika pale ikagoma.

Mimi, mtaalamu, nikatoa ushauri. "Andika Muha. Lugha andika Kiha, mtoto atakuelewa vilevile. Nani atajua?"

Akaifunika kalamu. Akasema, "Kwa hiyo na yeye aingie humu ndani kwa uongo, kama nilivyoingia mimi?"

Fomu ikakaa juu ya kabati siku tisa. Nilikuwa nazihesabu, maana mwezi wa sita ulikuwa unaisha. Zawadi alikuwa ameshaanza kula vizuri, na kila jioni anakaa ngazini anatazama geti. Madam hakutusukuma, alituambia tu gari la kumpeleka kile kituo cha mkoa mwingine limeshapangiwa siku.

Siku ya kumi Mama Neema akasema, "Twende ukamsalimie mama yangu kwanza."

Nikabeba kitenge, sukari, na kreti ya soda. Spika nilizifungua nikaziacha nyumbani. Tukaingia Mishamo, tukapita ghala la mahindi, tukapita kwa mwenyekiti, Mama Neema akaniambia simama, nyumba inayofuata.

Mlango ukafunguka. Bibi mwembamba, khanga mpaka puani. Aliponiona akageuka, akazunguka nyuma ya nyumba.

Safari hii nilielewa. Kwetu na kwao, mama mkwe hakai akatazamana na mkwe, hali naye, hapiti mbele yake. Siku ile yule bibi hakuwa na aibu wala kiburi. Alikuwa ananipa heshima yangu ya ukwe, mbele ya mwenyekiti, bila kuweza kusema ni kwa nini. Picha yangu alikuwa nayo kwenye simu miaka yote.

Na mimi nikampigia kelele bibi, hujui Kirundi. Nikamfanya aikane lugha yake, huku mimi natafuna chakula chake.

Tukaongea yeye akiwa chumbani, mimi sebuleni, pazia katikati. Nilitoa salamu zote nilizokuwa nadaiwa. Nikaomba msamaha.

Akasema kutoka nyuma ya pazia, "Siku ile ulishiba?"

Nikasema, "Nilishiba, mama. Sikujua."

"Mimi nilijua. Ndiyo maana nilipika mwingi."

Nililia, wakuu. Sina haja ya kuficha.

Kabla hatujaondoka mwenyekiti akaita watu wachache ghalani. Hakukuwa na tangazo, aliwatuma watoto nyumba kwa nyumba. Madam naye alikuwa amefika. Nikasimama bila mic, nikasema: mimi ni yule mjinga wa siku ile. Mke wangu ni mtoto wa hapa, binti wa fulani. Kuna mtoto tunataka kumlea kwa lugha ya mama yake. Na kuna wengine kituoni bado wanasubiri, anayeweza aje aongee na huyu mama.

Yule mzee wa mbele, yuleyule, akauliza swali lake kwa Kirundi. Mama Neema akamjibu kwa Kirundi, mbele ya watu wote. Hakuna aliyetoa cheti. Siku hiyo familia mbili ziliandikisha majina yao wenyewe.

Kurudi nyumbani, Mama Neema hata hakukaa. Akaichukua fomu juu ya kabati, akaandika kwenye ile nafasi akiwa amesimama, akanipa nipeleke. Nyumba ikakaguliwa, na Zawadi akaja kwetu kabla ya siku ya lile gari.

Mtaa ulijua kabla ya Jumapili, kama nilivyotabiri. Mama yangu alinuna miezi mitatu. Kisha akaja kumwona "huyo mtoto," Zawadi akamvuta mkono akamwonyesha kuku, sasa hivi akipiga simu anaanza kuuliza kuku. Kirundi amejifunza neno moja, oya, na analitumia kwangu.

Zawadi sasa anaongea mpaka tunamwomba apumzike. Kiswahili kaokota kwa Neema. Mimi bado hanielewi vizuri, ananiita "wa gari." Taratibu za kumuasili ndiyo tunazifuatilia, haziendi haraka na sisi hatuna pa kukimbilia.

Nilichojifunza hakina urefu. Fedha ya kutafuta familia zinazofanana na watoto siyo ya anasa kama nilivyodhani. Ila huwezi kumwambia mtu ajitokeze alivyo, wakati wewe Jumamosi unachekesha watu harusini kwa jinsi alivyo. Zile za kuiga lafudhi nimeziacha. Kuna watu wameniambia siku hizi sichekeshi. Ni kweli, nimepoteza vichekesho kama vinne, na vilikuwa vya uhakika.

La mwisho. Kwenye rasimu ya uzi huu niliandika kwamba mke wangu ni Muha anayejua Kirundi. Nilidhani namlinda, watu wa Mpanda mpo wengi humu. Nikampa asome kabla sijaweka. Akasoma yote, akacheka sehemu ya godoro. Kisha akafuta maneno hayo kila yalipokuwa, akaandika mwenyewe kwa kidole chake: Mrundi, wa Mishamo.

Akanirudishia simu, akasema, "Sasa weka."

Nimeweka. Waliolea mtoto ambaye si wa damu yao, au waliowahi kuficha walikotoka, karibuni mchangie. Mwenye matusi aje nayo kwangu, mimi nimezoea kelele.